Nani Apewe Mji wa Pumzi Haba

Niwieni radhi kabla sijaanza. Hadithi hii nitaiharibu. Nasema hivyo kwa uzoefu, maana nimeshaiharibu mara nne: mara moja kwenye arusi ya mpwa wangu kule Hale, mara mbili matangani, ambako watu hawakutakiwa kucheka na kweli hawakucheka, na mara moja kwa daktari wa presha, ambaye nilipomaliza alinipima upya. Mimi ni mtu wa jukwaani. Nimefundishwa kuingia, kuanguka, kuinuka na kutoka. Hadithi yenye swali sikufundishwa. Mkiona nimepotea katikati, msinitafute. Nitarudi mwenyewe nikisikia njaa.

Haya, sogeeni.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwezi wa sita mwaka huu, lakini kwa mtu aliyepoteza usingizi kila wiki ni karne, hapo zamani palikuwa na mwalimu mstaafu wa fizikia, akiishi Lushoto kwenye baridi. Jina lake Mwanakombo Shekilindi. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na mji.

Mji wenyewe ulikuwa kitabuni. Aliuandika miaka thelathini iliyopita, akiiba dakika katikati ya kusahihisha mitihani, na kitabu akakiita Mji wa Pumzi Haba. Ni riwaya ya mambo ya sayansi ya kubuni. Huko mbali, kwenye sayari iitwayo Ghubari, nje kuna vumbi la sumu, na watu wanaishi ndani ya mwamba, kwenye mahandaki. Hewa inagawiwa asubuhi. Kila mtu ana kiriba chake cha ngozi begani. Ukikimbia, kinapungua. Ukilia, kinapungua. Ukisema, kinapungua. Kikiisha kabla ya mgao wa kesho, basi wewe na kesho hamtajuana.

Wakatokea watu watatu wa Korogwe, wakaupenda mji huo kupita kiasi. Kuusoma hakukuwatosha. Walitaka kuingia. Wakasema: tuugeuze mchezo wa mezani. Si bao, si karata, si drafti. Ni ule mchezo ambao watu wanaizunguka meza, mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi, anasema kwa mdomo wake na kuponzwa na akili yake. Ni igizo lisilo na jukwaa, ndiyo maana wakaniita mimi, Pazi, niwe mchezaji wa majaribio. Walihitaji mtu ambaye akifa hakuna atakayesikitika.

Wa kwanza ni Singano, fundi mizani pale sokoni. Alisoma kitabu mara kumi na moja. Akasema, "Mji ni vipimo. Usipoipima hewa, huna mji, una picha ya mji." Akatunga kanuni: kila mchezaji anapewa komwe sitini, zile mbegu za bao. Kila neno analolisema mtu wako ndani ya mji, komwe moja inaondoka. Neno moja, komwe moja. Zikiisha, umekwisha. "Bila mimi," akasema Singano, "hakuna mji."

Wa pili ni Nakijwa, mchora ramani za viwanja. Alisoma kitabu mara tisa, akiwa na rula. Akasema, "Mji ni mahali. Usipojua mlango ulipo, utauamkia ukuta." Akagundua kwamba soko la mji huo liko kushoto kwa lango kwenye sura ya nne, na kulia kwa lango kwenye sura ya kumi na tisa. Mtu mwingine angempigia Mwalimu simu kumwambia umekosea. Nakijwa alichora malango mawili yanayotazamana, ikawa Mwalimu hakukosea, tulikosea wasomaji. "Bila mimi," akasema Nakijwa, "hakuna mji."

Wa tatu ni Mwantumu, mkunga. Alisoma kitabu mara moja tu, lakini kwa sauti, akimsomea kila mama aliyekuwa na uchungu mrefu. Yeye ndiye mwendesha meza, msimulizi. Akasema, "Mji ni watu. Mtu akishikwa na hofu mbele yako, hatafuti kanuni wala ramani, anatafuta sauti." Mwanamke aliyewaambia watu wavute pumzi kwa miaka ishirini na mbili, nani atabishana naye? "Bila mimi," akasema Mwantumu, "hakuna mji."

Wakafanya kazi miaka miwili. Kisha wakamwandikia Mwalimu kuomba ruhusa, naye akajibu kwa barua, maana simu anaiogopa kuliko nyoka.

Barua ilikuwa fupi. Alisema: "Njooni Jumamosi ya tatu ya mwezi wa sita. Nitakaa mezani mara moja. Mji wangu ukinifia pale mezani, mtafunga makaratasi yenu na hakuna atakayeugusa tena, mimi nikiwa hai wala nikiwa nimekufa. Ukiishi, nitauacha kwa mmoja wenu awe mlinzi wake, na baada yangu yeye ndiye atakayesema lipi ni kweli ndani ya mji na lipi ni uzushi. Mmoja. Msiniletee kamati. Niliwahi kuwa kwenye kamati ya watu saba, tukachagua rangi ya bati kwa miaka miwili. Mwezi wa saba napasuliwa mtoto wa jicho. Nikifumbua, jina la kwanza ninalotaka kulisoma ni la mlinzi huyo, kwenye jalada, chini ya langu."

Walipoisoma, hakuna aliyeshangilia. Singano alikunywa maji. Nakijwa alikunywa maji. Mwantumu aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili nikaona watu watatu wakijihesabu.

Zilibaki siku nane. Tukakaa barazani kwa Mwantumu kufanya jaribio la kwanza lenye kanuni kamili.

Mwantumu akasimulia, "Mko kwenye handaki la kaskazini. Mbele yenu kuna mlango wa chuma. Nyuma yake anaishi Mzee Kuti, mgawa hewa. Mnafanyaje?"

Nikasema, "Hodi!"

Singano akaondoa komwe moja.

"Karibuni," akasema Mwantumu kwa sauti ya mzee.

"Shikamoo, mzee." Komwe mbili.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo, sijui wewe?" Tatu.

"Mimi mzima. Habari za huko mtokako?"

"Nzuri tu, mzee. Habari za hapa?"

"Za hapa nzuri, ila mjukuu anaota meno."

Sasa niambieni nyinyi. Mtu amekwambia mjukuu wake anaota meno. Utanyamaza? Nikampa pole ya meno. Nikamwambia wa kwangu alisumbuliwa hivyohivyo. Nakijwa akauliza, na mama je, ananyonyesha vizuri? Mzee akasema tunamshukuru Mungu. Tukasema nasi tunamshukuru. Singano anaondoa tu, anaondoa tu, mkono wake kama kuku anayedonoa. Nakijwa alikata roho akiulizia hali ya mke. Mimi nilifia kwenye "tunamshukuru". Neno lililofuata mnalijua, lakini Singano alikuwa ameshakifunika kiriba changu.

Tulikufa wote mlangoni. Hata shida iliyotuleta hatukuitaja.

Tukarudia. Tukafa mlangoni. Tukarudia mara ya tatu tukiwa tumeapa kufupisha. Tukafa mlangoni, hatua moja mbele.

"Msisalimie!" Singano akapiga kelele. "Ingieni, semeni shida yenu, tokeni!"

"Niingie nyumba ya mtu mzima bila kumwamkia?" Nakijwa akasema. "Singano, mama yangu yuko Same, lakini kofi lake lingenifikia hapahapa."

"Ni mchezo!"

"Hata kwenye mchezo."

"Jaribu wewe, kaka," Mwantumu akamwambia Singano. "Chukua komwe. Mimi ni Mzee Kuti. Ingia."

Singano akachukua komwe. Akaingia. Akamtazama Mwantumu aliyekuwa amejikunja kama mzee, shingo imelala, macho yamefifia. Akafungua mdomo kusema shida yake. Ikatoka "Shikamoo". Akaiweka chini komwe yake mwenyewe bila kutazama mtu.

Hapo hofu ikaingia. Siku nane, na mji wetu unaua watu kwa adabu.

Nakijwa akabeba kitabu akaenda nacho nyumbani. Asubuhi akarudi macho mekundu. "Nimehesabu," akasema. "Mwalimu ameandika 'wakasalimiana' mara arobaini na moja. Mara arobaini na moja watu wa Ghubari wanafika mlangoni, wanasalimiana, wanaendelea na safari. Na hafi mtu. Kitabuni ni neno moja. Mezani ni komwe sitini."

Hilo ndilo shimo lenyewe. Mwandishi analiruka kwa neno moja, mchezaji anatumbukia na viatu.

Nakijwa akachora upya. Kwenye kila mlango akatia kibaraza kidogo kilichochongwa kwenye mwamba, na ndani ya kibaraza chungu cha hewa ya salamu, ya wote. Vibaraza arobaini na moja, ambavyo havimo kitabuni. Tukacheza. Hatukufa! Tatizo likawa jingine: hatukuondoka. Hewa ya bure, watu tumekaa, mimi nikapiga soga saa nzima, handaki likageuka kijiwe. "Hamna hofu hapa," Singano akasema. "Mji usio na hofu si wa Mwalimu." Akakipima chungu: komwe kumi, basi, kwa wote mtakaofika mlangoni. Zikiisha, mnakula za kwenu. Tukajifunza mmoja kuamkia kwa niaba ya wote, kama inavyotakiwa. Ikakaa sawa. Ikakaa sawa kwa mara moja tu, Ijumaa, na Jumamosi tukapanda Lushoto.

Safari hiyo sitaki kuikumbuka. Kona zile za kutoka Mombo, ukungu, na watu watatu wasiosemezana. Singano alihesabu komwe mara nne. Nakijwa aliishika ramani kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Mwantumu alikuwa anavuta pumzi na kuzihesabu, yeye aliyewahesabia wengine maisha yake yote. Mimi nilitaniatania. Mimi nikiogopa mdomo hufunguka wenyewe, kama mlango wenye bawaba mbovu.

Mwalimu alitupokea amevaa sweta mbili. Mtu mdogo, miwani minene, anakigusa kila kitu kwa vidole kabla ya kukiamini. Aligusa komwe. Aligusa ramani, akapitisha kidole kwenye vibaraza, akarudia kukipitisha.

"Utakuwa nani, Mwalimu?" Mwantumu akauliza. "Malkia wa visima? Mhandisi?"

"Mbeba viriba wa ukurasa wa sitini."

"Yule hana jina, Mwalimu."

"Ndiyo. Nilimsahau pale. Leo nimrudie."

Tukaanza. Mwantumu akasimulia kwamba tundu la hewa la mtaa wa kaskazini limeziba, na mtaa mzima una pumzi za saa moja. Ghala la akiba liko nyuma ya mlango wa Bibi Ngwali, mlinzi mwenye miaka tisini, na kwa sheria ya mji mlango huo haufunguliwi mpaka aliye nje aombe kwa mdomo wake. Tukashika njia: Mwalimu, Nakijwa, Singano na mimi.

Singano alifariki kwenye handaki la pili, kwa kanuni yake mwenyewe, na akazitoa komwe zake kwa mkono wake mwenyewe. Nakijwa aliishiwa kwenye ngazi. Mimi kiriba kiliniishia kwenye kibaraza cha mwisho, nikawa hai kwa hewa ya chungu tu. Mwalimu alikuwa amecheza kama bakhili: anasema neno, anafunga mdomo, anakwenda. Alikuwa ametabasamu mara mbili. Mbili, nilizihesabu. Tulipofika mlango wa mwisho alikuwa na komwe moja, na kwenye kibaraza chungu cha salamu kilikuwa kimejaa, komwe kumi.

Komwe kumi zinatosha. Hodi, shikamoo, habari, pole, chenji inabaki. Kisha Mwalimu anatumia komwe yake kuomba mlango. Mtaa unapona. Mji unaishi.

Lakini pale mezani palikuwa kimya. Nyinyi hamjui kimya kinamfanya nini mtu wa jukwaani. Mvua imeanza juu ya bati, watu wote wanamtazama Mwalimu, na Mwalimu anatazama mlango. Nikaona lazima mtu aseme kitu. Nikasema:

"Hodi hodi bibi mzuri nimeleta posa mbwa wako amefungwa kweli?"

Hesabuni. Maneno kumi. Na shikamoo haimo.

Hakuna aliyecheka. Singano, marehemu, akanyoosha mkono akakimwaga chungu. Komwe kumi zikarudi mfukoni, moja moja.

"Bibi Ngwali hajajibu," Mwantumu akasema polepole. "Anasubiri kuamkiwa. Mbeba viriba una komwe moja. Unafanyaje?"

Mnaona mdomo wangu ulipomwacha Mwalimu? Neno moja. Akisema "Fungua", atakuwa amemwamuru mwanamke wa miaka tisini kama anayeita mbuzi, lakini mlango utafunguka na mtaa utapona. Akisema "Shikamoo", amekuwa mtu, na amekufa, na mtaa umekufa, na mji umekufa, na miaka miwili ya watu watatu inafungwa kwenye boksi hadi siku ya kiama.

Mwalimu aliigeuza komwe ile vidoleni. Nakijwa alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo: fungua, fungua, mama, adabu tutaomba radhi baadaye.

Mwalimu akaiweka komwe mezani.

"Shikamoo," akasema.

Singano akaichukua. "Kiriba kitupu," akasema.

Mwalimu akamgeukia. "Umeniua, mwanangu. Ndani ya mji wangu mwenyewe."

"Ndiyo, Mwalimu. Ukurasa wa mia na tatu uliandika kwamba hewa haina upendeleo. Nilikuamini."

Akasema hivyo huku machozi yanamlenga. Alikuwa na komwe kumi mfukoni. Angeweza kuangusha moja akajifanya imemponyoka. Hakuangusha.

Mwantumu akauliza, bila kuinua macho, "Nakijwa. Huo mlango una tundu?"

"Lipo!" Nakijwa akafumbua macho. "Lipo, usawa wa mdomo. Tazameni hapa, nimelichora."

"Ukurasa gani?" Mwalimu akauliza.

Nakijwa akakosa rangi. "Halimo, Mwalimu. Uliandika kwamba sauti ya Bibi Ngwali iliwafikia nje hali mlango umefungwa. Nikawaza, sauti ikipita, na hewa inapita."

Mwantumu akajikunja. Akawa Bibi Ngwali. Mbele yake palikuwa na akiba ya bibi huyo, komwe mbili, ndizo alizopewa na Singano asubuhi. Akasukuma moja pembeni. "Marahaba," akasema. Ile ya pili akaitia kidole, akaiburuta juu ya ramani taratibu, ikapita kwenye tundu la Nakijwa, ikafika mbele ya Mwalimu.

"Bibi Ngwali amebaki bila pumzi," akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Mkono wake uko kwenye komeo. Anasubiri neno lako."

Singano alifungua mdomo kusema kanuni hairuhusu. Kisha akaufunga, maana kanuni haikukataza pia.

Mwalimu akaitazama ile mbegu. "Ngwali anaishi mpaka ukurasa wa mwisho," akasema.

"Najua, Mwalimu."

"Umemuua."

"Ameamkiwa, Mwalimu. Angefanyaje?"

Mvua juu ya bati. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaisogeza komwe katikati ya meza.

"Fungua," akasema.

Na mlango ukafunguka.

Mwalimu akavaa miwani. Kisha akasema, "Miaka thelathini naandika 'wakasalimiana' na kuendelea na safari. Sikuwahi kuwauliza walilipa nini." Akagusa ramani pale kwenye tundu. "Mji wangu uko hai. Chapisheni. Sasa semeni, nimwachie nani?"

Akatoa karatasi. Imeshaandikwa yote, imeachwa nafasi ya jina moja.

Singano akasema, "Niachie mimi, Mwalimu. Bila mizani yangu, ile shikamoo isingekuwa na uzito. Ungeisema bure kama tunavyoisema kila siku. Ilisikika kwa sababu ilikuwa na gharama. Na mimi sikukupendelea hata wewe. Nani atalinda mji wako, ikiwa si mtu aliyekubali uufunge kuliko kuudanganya?"

"Angeuacha ufe!" Nakijwa akasema. "Niachie mimi, Mwalimu. Vibaraza ni vyangu, tundu ni langu. Hukuliandika, lakini lilikuwa ndani ya maneno yako nami nikaliona. Singano analinda ulichokisema. Mimi nalinda ulichotaka kusema."

"Kesho atachora uwanja wa mpira humo ndani," Singano akasema. "Leo tundu, kesho dirisha, keshokutwa hakuna sumu."

"Niachie mimi," Mwantumu akasema. "Mizani ilikuwepo, ukafa. Tundu lilikuwepo, ukabaki umekufa. Kuna mtu alitakiwa kuitikia. Nimeitikia mimi."

"Kwa kumuua mtu wa Mwalimu," wakasema wale wawili pamoja, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipowasikia wakikubaliana juu ya mji ule.

Mwalimu akasikiliza. Akawatazama. Aliyekataa kumwokoa. Aliyeongeza kisichoandikwa. Aliyeua asiyepaswa kufa. Akaiinua kalamu, akaishusha. Akaiinua, akaishusha.

Kisha, jamani, akanigeukia mimi.

"Wewe bwana wa posa," akasema. "Hawa nimeshawapenda wote, siwezi kuhukumu. Wewe huna unachodai hapa. Na ni wewe uliyekimaliza chungu. Bila upuuzi wako nisingebaki na neno moja. Chukua karatasi. Jaza jina. Utakalojaza nitalitia sahihi. Nipe kabla sijapasuliwa jicho."

Akaniwekea karatasi mkononi, nami nikafanya kosa la kuipokea.

Jicho limeshapasuliwa. Juzi. Linaona vizuri, nasikia, linasoma mpaka maandishi ya dawa. Jalada halijatoka kwa sababu halina jina. Mchezo umelala kwenye maboksi. Mwalimu ana miaka sabini na tisa na anauliza kila siku kama mgeni wa Korogwe amefika. Nami karatasi ninayo hapa, imeshakunjika, imeshalowa jasho. Usiku naandika Singano, naona tundu. Nafuta, naandika Nakijwa, nasikia ile "marahaba". Nafuta, naandika Mwantumu, nauona mfuko wa Singano wenye komwe kumi, na mkono wake hauangushi hata moja. Sehemu ya jina imechakaa mpaka inaonesha upande wa pili.

Basi nisaidieni, nyinyi mlioshiba na wenye akili zilizotulia. Mmoja alishika haki hata ilipomuuma. Mmoja aliona kisichoandikwa. Mmoja aliitikia. Mji ni mmoja, na nafasi ni ya jina moja.

Je, nani alistahili?

Semeni upesi, na semeni kwa sauti ya chini. Maana mkiuliza mimi nilistahili nini, hilo halina mjadala: wote watatu wamekubaliana, na wamenisubiri pale mlangoni tangu nilipoanza kuongea.